Maswali ya Wasomaji: Jarida la shule lipangwe kwa programu gani?

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Kariobangi. Nimekabidhiwa jarida la shule la mwaka huu, ambalo tunakusudia liwe na kurasa 30 za ukubwa wa A5. Lile lililotangulia liliandaliwa kwa Word, na kila tulipoongeza sentensi picha zilihama. Liliporudi kutoka kwa mpiga chapa, picha zilikuwa na ukungu, rangi zimefifia, na maandishi ya pembeni yamekatwa. Je, nijifunze programu gani, na nianzie wapi?
Mwalimu, Kariobangi

Jibu: Mwalimu, kabla ya programu yoyote, chukua karatasi za A4, uzikunje katikati na kuzipachika moja ndani ya nyingine, kisha uandike kwa penseli kitakachokaa katika kila ukurasa. Papo hapo utagundua kwamba kurasa 30 haziwezekani katika kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati, kwa sababu kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Itakubidi uchague 28 au 32. Ni afadhali ulijue hilo leo kuliko siku ya kupeleka kazi.

Pili, amua sura ya ukurasa. A5 ina upana wa milimita 148, na ukiacha pambizo ya milimita 15 kila upande, zinabaki milimita 118 za maandishi. Kwa herufi za pointi 10 au 11, mstari wa upana huo hubeba takriban herufi 65, kiasi ambacho jicho hulisoma bila kuchoka. Wengi hupenda kuugawa ukurasa kuwa safu mbili ili ufanane na gazeti, lakini katika A5 sikushauri hata kidogo. Maneno ya Kiswahili, hasa vitenzi kama “wanaotufundisha”, ni marefu, na ukiyabana katika safu nyembamba huku umenyoosha kingo zote mbili, yataacha mapengo makubwa katikati ya mistari. Tena jarida lako bila shaka litakuwa na mashairi: mshororo wa mizani 16 wenye vipande viwili hautaenea katika safu nyembamba, utakatika, na vina vya mwisho vitapoteza mahali pake. Tumia safu moja, unyooshe ukingo wa kushoto tu. Ukiruhusu programu ikate maneno mwishoni mwa mstari, hakikisha haifuati kanuni za Kiingereza, maana itayakata pasipo kujali silabi zetu.

Fonti mbili zinatosha, moja ya vichwa na moja ya matini. Kichwa kikizidi matini kwa ukubwa, kizidi waziwazi. Tofauti ya pointi moja huonekana kama kosa. Maelezo ya picha yakae karibu na picha yake, na nafasi tupu usiione hasara.

Sasa programu. Word imeundwa kwa ajili ya kuandika, na picha ndani yake kwa kawaida hufuata maandishi, ndiyo maana zenu zilihama. Programu za kupanga kurasa hutumia fremu: kila picha na kila fungu la maandishi hukaa katika fremu yake, na fremu za maandishi huunganishwa ili makala yakizidi yaendelee ukurasa unaofuata. Kazi hii ilianza kuenea kwenye kompyuta za mezani kwa PageMaker ya kampuni ya Aldus, iliyotoka mwaka 1985. QuarkXPress ikafuata mwaka 1987, kisha InDesign ya Adobe mwaka 1999, ambayo leo hulipiwa ada ya kila mwezi au mwaka. Kwa shule yako napendekeza Scribus, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Canva ni nzuri kwa mabango na kadi, lakini makala marefu yanayotiririka kurasa nyingi huielemea. Jambo la kwanza la kujifunza katika Scribus ni mitindo ya aya: ukiweka mtindo mmoja wa vichwa, ukiubadilisha mara moja, vichwa vyote vinabadilika.

Ukungu wa picha hutokana na upungufu wa pikseli, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha. Chapa nzuri huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha inayojaza upana wa A5 inahitaji takriban pikseli 1,750. Kamera nyingi za simu hufikisha kiasi hicho, ila WhatsApp huzipunguza picha zikitumwa kwa njia ya kawaida. Waambie wanafunzi wazitume kama dokumenti. Rangi nazo hufifia kwa kuwa skrini hutoa mwanga, ilhali mtambo wa chapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, ambao hauwezi kufikia baadhi ya buluu na kijani kali za skrini. Omba ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuidhinisha kazi yote. Kuhusu kukatwa, rangi za usuli zivuke ukingo kwa milimita 3, na maandishi yakae angalau milimita 5 ndani. Peleka faili ya PDF iliyobeba fonti zake, lakini mpiga chapa, awe River Road au Industrial Area, umwendee mapema umuulize vipimo anavyotaka.

Swali: Je, naweza kujifunza upangaji wa kurasa nikiwa na simu pekee?
Kijana, Eastleigh

Jibu: Misingi unaweza, na bango au kadi pia. Kijitabu kizima kinahitaji kompyuta, hata kama ni ya kukodi kwa saa katika saiba. Kwa sasa nunua nakala ya *Taifa Leo*, upime kwa rula upana wa safu, nafasi kati yake na urefu wa vichwa, uchore ukurasa mmoja kwa vipimo hivyo hivyo, kisha siku utakapoifikia kompyuta uujenge upya kwa Scribus.