Alioa au aliolewa?... Hapana: walioana

Swali: Naandika kutoka Tanga. Klabu yetu ya usomaji imenipa kazi ya kufupisha manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya mwandishi Gengoroh Tagame. Inamhusu Yaichi, Mjapani anayemlea binti yake peke yake, ambaye siku moja anabishiwa hodi na Mike, Mkanada aliyekuwa mume wa Ryoji, pacha wa Yaichi, sasa marehemu. Niliandika "Ryoji alihamia Kanada akaoa", wenzangu wakauliza mkewe yuko wapi. Nikabadilisha: "Mike aliolewa na Ryoji". Wakacheka. Hata jina la kitabu nililolitafsiri "Mume wa Mdogo Wangu" wameona halisemi kitu. Nifanyeje?

Jibu: Wenzako hawana kosa. Sarufi iliwapa hadithi nyingine kabla hujamaliza sentensi. Katika Kiswahili, anayeoa ni mwanamume na anayeolewa ni mwanamke, na hata pale mke asipotajwa, kitenzi chenyewe kimeshamtaja. "Ameolewa" likisemwa kwa mwanamume huwa ni kejeli: ndivyo anavyosimangwa yule aliyehamia nyumbani kwa mkewe. Kwa hiyo "Mike aliolewa" haimweki tu Mike mahali pa mke, inamdhihaki. Na Tagame hamdhihaki Mike hata kidogo. Mike ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye ndevu, mpole, anayemlilia mumewe.

Njia imo humuhumu kwenye kitenzi. Kauli ya kutendana haiulizi nani ni nani: Juma na Asha wameoana, Ryoji na Mike walioana. Ukiwa na mtu mmoja tu kama kiima, tumia kufunga ndoa: "Mike, aliyefunga ndoa na Ryoji". Sentensi yako iwe basi: "Ryoji alihamia Kanada, akakutana na Mike, wakaoana." Ongeza kwamba Kanada iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima mwaka 2005, ilhali sheria ya Japani haizitambui, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Mtu aliyekuwa mume kisheria upande mmoja wa bahari anapiga hodi upande wa pili, na mwenye nyumba hajui amhesabu kuwa nani.

Kuna mahali utatamani kuandika "mwenzi" ili kukwepa uzito. Usifanye hivyo ukifika kwa Kana, binti wa Yaichi. Mtoto yule anauliza swali ambalo watu wazima wanalimeza: kati yenu, mume alikuwa nani na mke nani? Mike anajibu kwamba wote wawili walikuwa waume. Ukiweka "mwenzi" hapo, swali la mtoto linakufa na jibu halina kazi. Na kuandika "rafiki", kama nilivyoona wengine wakifanya wanapofupisha hadithi za aina hii, ni kumdanganya msomaji. Ukikubali kukisimulia kitabu, simulia kilichomo.

Sasa jina. Hapa tatizo limegeuka: kwenye kuoa Kiswahili kilisema mno, kwenye undugu kinasema kidogo mno. Jina la Kijapani ni Otōto no Otto, na otōto ni mdogo wa kiume, hakuna namna ya kulisikia vingine. Mdogo wetu sisi ni wa kiume au wa kike. Ndugu vilevile. Pacha vilevile, hata Kulwa na Doto ni majina ya wavulana na wasichana. Anayesoma "Mume wa Mdogo Wangu" anamwona dada mdogo na shemeji wa kawaida, anapita. "Mume wa Kaka Yangu" lingesikika vizuri zaidi, na kwa wasomaji wengi wa Kenya lingetosha, ila kwa wengi wetu kaka ni mkubwa kwako, na Ryoji ndiye anayehesabiwa mdogo. Mimi ningeandika "Mume wa Mdogo Wangu wa Kiume". Ni refu, wala si tamu sana mdomoni, lakini bila "wa kiume" jalada limeficha kile ambacho mwandishi alikitanguliza mbele.

Hukuuliza kuhusu namna wanavyoitana, nami naona ndiyo sehemu yenye utajiri zaidi. Mike humwita Yaichi "onii-san", yaani kaka mkubwa, na mwanzoni Yaichi anaudhika kwa kuitwa hivyo. Ukitafsiri "kaka", msomaji wa Tanga ataona Yaichi ana hasira za bure, kwa kuwa kila muuza machungwa humwita mteja wake kaka. Weka "shemeji". Neno hilo halibagui jinsia: kwa mwanamume kama Yaichi, mke wa kaka yake ni shemeji, mume wa dada yake ni shemeji, na Mike anaingia bila kulipinda. Lakini pia halitamkwi hivihivi. Anayekuita shemeji anadai kwamba pana ndoa kati yenu, nawe ukiitika umekubali kuwa ipo. Hilo ndilo Yaichi analolikwepa kwa kurasa nyingi, na ndiyo sababu naliona neno hili linafaa kuliko tafsiri yenyewe ya neno kwa neno.

Kuhusu "shoga": kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kuitana kwa mapenzi, na kwa wengine ni tusi. Libakize kwenye kinywa cha mhusika anayetukana. Msimulizi aseme "wanaume wanaopendana" au "wapenzi wa jinsia moja", kwani sauti ya Tagame ni tulivu. Manga hii ilichapishwa mfululizo Japani kuanzia 2014 hadi 2017, na mwaka 2018 ikapata Eisner, tuzo ya vitabu vya katuni ya Marekani, huku ikiwa imeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kila siku, wazazi wakiwemo.

Mawili madogo. Usimwite Mike mgane, maana mgane amefiwa na mke. Andika "aliyefiwa na mumewe". Na Kana asimwite Ryoji mjomba. Mjomba ni ndugu wa mama, hata kama filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili humwita kila mtu hivyo. Ryoji kwake ni baba mdogo, au ami kwa watu wa pwani. Mike mwache awe Mike, kama Kana mwenyewe anavyomwita.