La Noria: kipindi kilichokimbiwa na wadhamini

Nilipogusia hapa kisa cha La Noria, kipindi cha mazungumzo cha kituo cha Telecinco cha Hispania kilichokimbiwa na wadhamini mwaka 2011 baada ya kumlipa mgeni mmoja, maswali yalimiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha. Majina ya waulizaji nimeyaacha, nimebakiza wanakoandikia.

Hicho kipindi kilikuwa cha siasa au cha udaku? Maelezo ninayoyakuta yanagongana. (Morogoro)

Hayagongani, kilikuwa vyote viwili. Kilianza mwaka 2007, kikawa cha Jumamosi usiku, mwongozaji wake Jordi González, mtu mwenye ulimi laini na suti iliyonyooka. Saa za mwanzo walikaa wachambuzi wa siasa na kuchambana kwelikweli. Upande mmoja kulikuwa na María Antonia Iglesias, mwandishi aliyewahi kuongoza idara ya habari ya televisheni ya taifa, TVE. Upande wa pili alikaa Miguel Ángel Rodríguez, aliyewahi kuwa msemaji wa serikali ya José María Aznar. Hawa wawili hawakuhitaji mtu wa kuwachochea.

Usiku ukishakomaa, meza inageuka. Wanaingia wapenzi wa zamani wa wapiganaji wa ng'ombe, watoto wa wanamuziki wanaogombana na wazazi wao, mtu aliyetoka jela jana. Watu waliokuja kusikiliza habari za mdororo wa uchumi (na mwaka 2008 Hispania ilikuwa na mengi ya kusema kuhusu hilo) walijikuta wamebaki hadi usiku wa manane wakisikiliza ya chumbani kwa watu. Kwa biashara, ilikuwa akili nyingi. Siasa ilikipa kipindi heshima ya kuitwa mjadala, udaku ukakipa watazamaji.

Ni kweli walimlipa mama wa mhalifu aje kuzungumza? (Mombasa, na wengine watatu wameuliza hilohilo)

Kweli, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Januari 2009, binti wa miaka 17 wa Sevilla, Marta del Castillo, alitoka nyumbani jioni hakurudi. Kijana aliyekuwa na uhusiano naye, Miguel Carcaño, alikiri kumuua. Maelezo yake kuhusu mwili aliyabadilisha mara kadhaa. Polisi walipekua mto Guadalquivir, wakapekua jalala, wakachimba. Mpaka leo wazazi hawana kaburi la kwenda kuzuru. Ndiyo maana kesi hii iliwagusa Wahispania kuliko nyingine nyingi, na kila aliyehusishwa nayo alikuwa kama kaa la moto.

Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 15 wakati huo. Machi 2011 mahakama ya watoto ilimwona hana hatia ya mauaji, ila ilimtia hatiani kwa kusaidia kuficha uhalifu, akapewa karibu miaka mitatu katika kituo cha vijana. Oktoba mwaka huohuo kesi ya watu wazima ikaanza Sevilla. Tarehe 29 Oktoba, kesi ikiwa bado inasikilizwa, La Noria ikamkalisha studioni mama wa kijana yule amtetee mwanawe. Malipo yaliyotajwa na vyombo vya habari yalikaribia euro 10,000.

Mama kumtetea mwanawe ni jambo la kawaida, na nisingemlaumu kwa hilo. Linalochoma ni kwamba wazazi wa marehemu walikuwa wanahangaika mahakamani wajue mtoto wao alitupwa wapi, huku upande wa pili jamaa wa aliyesaidia kuficha akipokea hela kwa kuketi kwenye kiti. Swali lililoenea usiku uleule lilihusu hundi hiyo. Aliyosema mama hayakujadiliwa sana.

Kwa nini kituo kilipe? Sisi tulifundishwa kwamba habari hainunuliwi. (Dodoma)

Hispania kuna soko la mahojiano ya pekee, na ni la siku nyingi. Majarida kama ¡Hola! yamekuwa yakinunua harusi, picha za mtoto mchanga, talaka. Msanii anauza harusi yake, jarida linauza nakala, hakuna aliyeibiwa. Televisheni binafsi zilipofunguliwa mwaka 1990 zikaurithi utaratibu huo na kuupeleka mbali zaidi. Polepole ukazuka ukoo mzima wa watu ambao kazi yao ni kuwa wageni wa vipindi. Kosa la La Noria lilikuwa kutumia bei ya harusi kwenye msiba wa watu.

Nimesoma kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekiangusha kipindi. Aliwezaje? Au ni chumvi? (Nairobi)

Kuna chumvi kidogo, lakini si nyingi. Mtu huyo ni Pablo Herreros, mwandishi na mtaalamu wa mawasiliano. Baada ya mahojiano yale aliandika kwenye ukurasa wake wa intaneti, akataja kampuni zilizotangaza bidhaa zake wakati wa kipindi na kuziomba ziondoke.

Angalia alivyolenga. Hakuwaambia watazamaji wazime televisheni. Wito wa namna hiyo hutolewa kila mwaka, na watu wanaendelea kutazama. Yeye alikwenda kwa anayelipia taa za studio. Tena kampuni nyingi zilikuwa hazijui hata zinakaa wapi: mteja anampa wakala bajeti, wakala ananunua nafasi kwa mafungu, na tangazo la soseji linaangukia popote palipo na watazamaji wengi kwa bei nzuri. Mkurugenzi wa masoko anapoamka asubuhi na kuona nembo yake imebandikwa pembeni ya kesi ya mauaji, na wateja wanamuuliza mtandaoni mbele ya kila mtu, hana hoja ya kujitetea. Kukaa kunamgharimu, na kuondoka ni barua pepe moja kwa wakala.

Campofrío, kampuni kubwa ya nyama na soseji, ilikuwa ya mwanzo kutangaza inaondoka. Baada yake wakaja wengine: Bayer, Puleva ya maziwa, Nestlé. Kila aliyebaki alionekana zaidi kwa sababu wenzake wameondoka, na hilo peke yake lilitosha kumfukuza. Sheria ya Hispania wakati huo iliruhusu dakika 12 za matangazo kwa saa. Mnamo Novemba 2011 dakika hizo za La Noria zilijazwa na Telecinco kujitangazia vipindi vyake yenyewe. Ukiona kituo kinajitangazia chenyewe Jumamosi usiku, saa yenye thamani kubwa kuliko zote za wiki, jua kuna shida.

Watazamaji, kwa kweli, walikuwepo. Naliweka wazi hili kwa sababu wengi hudhani kipindi kilikufa kwa kukosa wapenzi. Mapema mwaka 2012 Telecinco ilichukua sehemu ya siasa na kuipa jina jipya, El gran debate, mwongozaji akiwa yuleyule. La Noria ikazimwa ndani ya mwaka huo.

Je, huo si udhibiti wa habari kwa njia ya mlango wa nyuma? Leo wanakimbia udaku, kesho watakimbia habari ya rushwa. (Zanzibar)

Hili ndilo swali lililonichukua muda zaidi, na sikubaliani na wanaolipuuza. Mwenye fedha akishajua kwamba kuondoa tangazo kunaangusha kipindi, naye anaweza kuitumia silaha hiyo dhidi ya mwandishi anayemchunguza. Hutokea, tena bila kelele wala kampeni yoyote.

Hata hivyo kisa hiki hakifanani na hofu hiyo. Hakuna aliyemzuia mama yule kusema. Angeweza kuhojiwa bure na kituo chochote, na hakuna chapa ambayo ingekimbia. Kilichokataliwa ni malipo. Pia kampeni ilifanyika hadharani, kwa majina, na kila kampuni ilikuwa huru kubaki.

Aliyejaribu kuziba mdomo, kwa maoni yangu, ni kituo chenyewe. Telecinco ilimfungulia Herreros kesi ya jinai kwa madai ya vitisho na kuzilazimisha kampuni, ikataja hasara ya euro milioni 3.7. Taarifa hizo zilipotoka mwishoni mwa 2012, watu zaidi ya laki moja walitia saini mtandaoni kumuunga mkono, na kampuni za matangazo zikaanza kusitasita upya, safari hii dhidi ya kituo kizima. Paolo Vasile, Mwitaliano aliyekuwa akiiongoza Telecinco kwa niaba ya Mediaset ya familia ya Berlusconi, akakutana na Herreros. Kesi ikafutwa. Wanasheria wa kituo walifanikiwa kurudisha habari ya mwaka mzima nyuma kwenye kurasa za mbele, na mteja wao ndiye aliyelipia.

Ilikuwa mara ya kwanza televisheni ya Hispania kuvuka mpaka? (Arusha)

La. Novemba 1992 wasichana watatu walitoweka Alcàsser, karibu na Valencia. Miili ilipopatikana Januari 1993, Antena 3 ilipeleka kamera mjini na kurusha kipindi moja kwa moja, wazazi wakilia jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa majirani, saa chache baada ya kupokea taarifa. Waandishi wa Hispania bado wanautumia usiku ule kufundishia kisichofaa kufanywa.

Mwaka 2007 kituo hichohicho kilimwalika mwanamke mmoja kutoka Urusi kwenye kipindi cha mchana, El diario de Patricia. Studioni akamkuta mwanamume aliyeachana naye, anapiga goti na kumposa mbele ya kamera. Mwanamke akakataa. Siku chache baadaye aliuawa huko Alicante, na mwanamume yule ndiye aliyehukumiwa. Alikuwa tayari na rekodi ya ukatili dhidi yake. Hili kwangu linaizidi La Noria kwa mbali, ila halikuleta kishindo kama kile. Mwaka 2007 watu walikasirikia nyumbani kwao, kila mtu na sebule yake. Mwaka 2011 walikuwa na Twitter.

Baada ya kichapo hicho, Telecinco ilitulia? (Kigoma)

Wapi! Sálvame, kipindi chao kingine cha udaku, ilikuwa hewani tangu 2009 na ikaendelea kuchanua. Hiyo ilidumu kwa muda wa zaidi ya saa nne kila alasiri, ikiongozwa na Jorge Javier Vázquez, na malkia wake akiwa Belén Esteban, aliyewahi kuwa mwenzi wa mpiganaji ng'ombe Jesulín de Ubrique. Ujanja wao ulikuwa kwamba wachambuzi wenyewe ndio habari: wanagombana, wanatoka nje wakilia, kamera inawafuata kwenye korido, wanarudi.

Kilichowabana zaidi kilikuwa saa. Hispania ilikuwa na muda wa kulinda watoto, saa 11 jioni hadi saa 2 usiku siku za wiki. Wasimamizi walipokaza, mwaka 2015 kipindi kikajigawa: Limón kabla ya saa 11, kisichofaa kwa walio chini ya miaka 12, na Naranja baada yake, cha familia yote. Watu walewale, viti vilevile, ila ikifika saa 11 wanageuka wastaarabu. Nilicheka, nakiri.

Kilifungwa Juni 2023, miezi michache baada ya Vasile kuondoka na uongozi mpya kutaka sura nyingine. Kundi hilo halikupotea. Netflix iliwapeleka Miami na Mexico mwaka huohuo, na 2025 TVE, televisheni ya kodi za wananchi, ikawapa kipindi cha alasiri. Kiliondolewa kabla ya kutimiza miezi miwili.

Kwetu imeshatokea kampuni ikakimbia kipindi? (Nakuru)

Imetokea Kenya, na si zamani. Machi 2021 watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walimbeza mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofani Nairobi, wakimtupia yeye lawama. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha matangazo yake kwenye kituo hicho, watangazaji watatu wakafutwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikatoza faini ya shilingi milioni moja pamoja na kukisimamisha kipindi kwa miezi sita. Mambo yalikwenda haraka kuliko Hispania, na mdhamini hakungoja mamlaka imwongoze.

Jordi González naye aliishia wapi? (Muscat)

Hakuishia. Baada ya El gran debate aliendelea kuongoza vipindi vikubwa vya Telecinco, ikiwemo Gran Hermano VIP ya 2015, na baadaye akahamia TVE. Mbele ya kamera watu hawa wana roho saba.

Ninajifunza Kihispania. Nitazame rekodi za vipindi hivi kuzoesha sikio? (Bujumbura)

Kama unataka kujifunza matusi, utafika mbali. Shida ni kwamba watu watano huongea kwa pamoja, na wa sita anawaomba wasiongee kwa pamoja. Anza na taarifa ya habari ya TVE. Ukishaielewa bila kusoma maandishi ya chini, basi karibu kwenye ugomvi.