Jibu: Umepewa "mambo ya mazingira" kazini? Anza kwenye mfereji, sola baadaye

Wa alaikumu salamu, kijana wetu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeajiriwa kampuni ya sayansi hapo Unguja, mnakeneka mafuta ya viungo (mnayatoa kwa mvuke) na kuyapima maabara. Mkuu wako amekukabidhi mazingira pamoja na vijisenti vichache, na unauliza uanze na sola juu ya paa, mabango ya kuzima taa, au kupanda mikoko na wafanyakazi siku ya Jumamosi. Waliotangulia kujibu karibu wote wamekwambia sola. Mimi nakwambia toka nje, zunguka nyuma ya jengo, ufuate maji yenu mpaka uone yanakoishia.

Nilifanya kazi miaka 9 Pemba, kwenye kampuni ndogo ya kukeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Niliingia kama fundi wa maabara, nikatoka nikiwa nashika hadi funguo za stoo. Jina la kampuni naliacha. Tulikuwa na mapipa mawili makubwa: maji chini, wavu katikati, makonyo juu ya wavu, na jiko la kuni chini ya yote. Mvuke unapanda na mafuta, unapita kwenye koili iliyozama ndani ya maji baridi, unageuka majimaji na kudondokea kwenye chombo cha kutenganishia. Asiyejua na ajue kwamba mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yanazama. Kwa hiyo unayavuta kwa chini, na maji yanatokea juu kwenye mdomo.

Hayo maji ya juu ndiyo yaliyotutia aibu.

Kwa miaka yetu ya mwanzo yalikwenda mferejini, mfereji ukaingia kijito, kijito kikashuka bondeni. Msimu mmoja akaja mzee wa bondeni, yuko na Sheha, kiongozi wa mtaa, na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo mna perege wa bwawani kwake, wamelala ubavu, mashavu yanacheza kwa mbali. Hakupiga kelele. Aliiweka ndoo mlangoni, akakaa barazani kungoja. Mkuu wetu akaanza maneno ya joto na upungufu wa hewa bwawani. Mimi nikawachukua samaki watatu, nikawatia kwenye beseni la maji safi ya bomba la kisima chetu. Baada ya dakika chache wawili wakaamka na kuanza kuogelea kana kwamba hakuna kilichowapata.

Hapo nilijua. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na yujenoli ni dawa ya usingizi ya samaki. Wataalamu wa samaki huitumia makusudi wanapotaka kuwapima au kuwakamua mayai bila kuwaumiza. Kiasi cha miligramu 40 mpaka 100 kwenye lita moja kinatosha kumlaza samaki. Sasa maji yanayotoka kwenye chombo cha kutenganishia yanaweza kubeba gramu 2 na ushei kwa lita, yaani mara 20 na zaidi ya kipimo hicho, bado hujahesabu vitone vidogo vya mafuta vinavyoelea kwa sababu maji ni ya moto na hayajatulia. Tulikuwa tunawalewesha samaki wa jirani kila siku ya kazi, huku ukutani kwetu tumebandika bango la kijani la "Tunza Mazingira".

Mzee alilipwa. Lakini subiri, ujinga haukuishia hapo. Mmoja wetu (sawa, ni mimi) akatoa rai kwamba maji hayo yasipotee, tuyamwagie miche ya mikarafuu iliyokuwa kitaluni nyuma ya stoo. Yana harufu nzuri, ni ya mkarafuu wenyewe, yatamdhuru nani? Baada ya siku chache majani yakageuka rangi ya kahawa, na miche ikanyauka safu kwa safu. Yujenoli huunguza majani. Kuna nchi wanaipulizia kuua magugu. Mamia ya miche yalikufa kwa sababu nilifikiri kitu cha asili hakiwezi kuwa sumu. Nakusimulia haya ili mtu akikwambia "maji yetu ni ya viungo tu, hayana kemikali", umwangalie usoni bila kumjibu.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Maji ya juu tuliyarudisha ndani ya pipa lile lile kwa bomba dogo. Yanachemka tena, mafuta yaliyokuwemo yanapanda tena. Yaliyobaki mwisho wa siku tunayaacha kwenye tenki yapoe usiku kucha, asubuhi mafuta yametua chini, tunayavuta, maji yanaanzia pishi jipya. Pipa likishakuwa na maji meusi mazito baada ya mizunguko mingi, hayo tunayapeleka kwenye shimo pana lililopakwa saruji, yakae juani wiki kadhaa. Na kabla ya kuyaachia tunayajaribu kwa perege wawili ndani ya ndoo. Utacheka, lakini kipimo hicho hakijawahi kutudanganya.

Unajua nilimshawishi vipi mkuu? Sikutumia samaki. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba kila lita 1,000 tunazomwaga zina kilo 2 za mafuta ambayo tumeshayanunulia makonyo, kuni na jasho. Bomba la kuyarudisha likawekwa wiki ile ile.

Sasa tuje kwenye maji ya kupozea, maana naamini hapo ndipo utakapopata ushindi wako wa mwanzo. Hesabu ni ya skuli. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inaachia joto la kilojuli 2,257. Maji ya kupozea yakiingia kwenye koili yakiwa nyuzi 27 na kutoka yakiwa 57, unahitaji lita 18 hivi kuugeuza mvuke uwe lita 1 ya maji. Pipa letu lilitoa kama lita 60 kwa saa, kwa hiyo zaidi ya lita 1,000 za maji safi zilipita na kwenda mferejini kila saa. Simtanki zima! Na ng'ambo ya ukuta kina mama wamepanga foleni ya ndoo. Tukajenga birika la wazi chini ya kivuli, la lita 20,000, na pampu ndogo inayozungusha maji yale yale. Mwisho wa zamu yanakuwa yamepanda nyuzi 12 hivi, usiku yanapoa, asubuhi tunaongezea yaliyokwenda na jua. Maji ya kujazia pipa tunayachota upande wa birika yanakorudia maji ya moto, kuni zinapungua kidogo. Kidogo kweli, lakini ni bure.

Kuhusu sola, siipingi. Ila ielewe kazi yake. Zile lita 60 za mvuke kwa saa zinataka joto la karibu kilowati 40. Paneli ya mita moja ya mraba, jua la saa 6 mchana, inakupa wati 200 hivi. Piga hesabu: mita 200 za mraba kwa pipa moja, tena wingu lisipite. Sola iendeshe taa, kompyuta, pampu na jokofu la maabara, hapo nakubali kwa mikono miwili. Pemba, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, tuliwashiwa na majenereta ya Wesha, na tunajua thamani ya umeme usiotegemea mtu. Lakini ukisema kwenye ripoti kwamba kampuni "inatumia jua" wakati nyuma kuna rundo la kuni, jirani anayeona moshi atakucheka.

Na hizo kuni, mbichi msizipokee. Kuni mbichi inatumia sehemu ya moto wake kujikausha yenyewe. Tulizianika chini ya bati miezi miwili, na moshi mweupe ukapungua hata waliotuzunguka wakauliza tumebadilisha nini. Makonyo yaliyokwisha kukenekwa nayo tuliyaanika juu ya majamvi, yakarudi jikoni kama kuni. Wakati wa masika hayakauki, usijidanganye.

Maabara nitakwenda haraka. Mafuta ya kila pipa la kuhifadhia tuliyapima kwanza kwa refraktomita, kifaa kinachopima mwanga unavyopinda ndani ya mafuta: tone moja, hakuna kemikali. Kile kipimo kikubwa cha gesi (kromatografia, kinachochambua vilivyomo ndani ya mafuta) tukakibakisha kwa shehena inayosafirishwa. Heksani chakavu, ile kemikali ya kuyeyushia mafuta kabla ya kipimo hicho, ikapungua sana. Msinunue chupa kubwa ya kemikali kwa sababu bei ya lita ni nafuu: nusu yake itaishia stoo imepita muda, na kisiwani kuitupa ni balaa kuliko kuinunua. Nilirithi kabati zima la chupa za namna hiyo, nyingine hazina hata lebo. Maji ya kukeneka kwa ajili ya vipimo vutieni kutoka mvua ya paani, hasa nyinyi wa Unguja, kwani maji ya ardhini ya chokaa yataijengea mashine yenu ukoko kama sufuria kuukuu. Kiyoyozi nyuzi 25 kinatosha. Na vikombe vyeupe vya povu visiingie humo: mwanafunzi wetu mmoja alitilia mafuta ya karafuu kikombe cha namna hiyo, akageuka kuandika, kurudi meza imeloa na kikombe hakina kitako.

Mikoko mpande, ni jambo jema, ila muulizeni kwanza Sheha na wavuvi wa hapo, msije mkapanda penye njia ya ngalawa. Na msipande mbele ya mdomo wa mfereji wenu kabla hamjajua unatoa nini.

Wiki hii fanya moja tu: soma mita ya maji asubuhi na jioni, siku sita, uandike na lita za mafuta mlizopata. Ziweke hapa nikusaidie hesabu. Makonyo yameanza kuingia kwa mpwa wangu ninayemsaidia siku hizi, kwa hiyo mchana usinitafute. Nitajibu baada ya Isha.