Tambi baridi za ufuta: usizioshe, zipepee

Mara ya kwanza niliziosha. Nilichemsha spageti, nikaimwaga kwenye chujio na kufungulia bomba ipoe haraka. Ilipoa kweli, ila rojo lote la ufuta liliteleza likatuama chini ya bakuli, juu zikabaki tambi nyeupe, majimaji.

Tambi hizi nilizijulia Wuhan, Uchina, nikiwa mwanafunzi. Joto la Julai kule ni kama la Dar mwezi wa Februari, ila bila upepo wa bahari. Mama mmoja aliyeuza karibu na geti la chuo alikuwa akiziopoa zikiwa na ugumu kidogo, anazimwaga mezani, anazinyunyizia mafuta, kisha anazinyanyuanyanyua kwa vijiti virefu huku feni ikizipuliza. Mafuta yanazuia zisigandane, upepo unazikausha, rojo linapata pa kushika. Tambi zao hutiwa magadi, ndiyo maana zina umanjano na zinatafunika. Mimi natumia spageti nyembamba, gramu 200 kwa watu wawili, naiopoa dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kazi iko kwenye rojo. Wachina hukaanga ufuta ukaiva hasa ndipo wausage, ukawa wa kahawia. Tahini, yaani ufuta uliosagwa wa Kiarabu, ni nyeupe, haina ile harufu. Nami ni mtu wa Lindi, ufuta tunalima wenyewe na mwingi tunawauzia haohao Wachina, kwa hiyo kununua kichupa kilichorudi kwa meli naona uchungu. Nakaanga kikombe kimoja bila mafuta, moto mdogo, sitoki jikoni, mpaka punje zianze kurukaruka. Ufuta ukiungua, mwaga, uchungu wake haufichwi na sukari. Nausaga kwa blenda ungali na moto, na mafuta kidogo.

Chukua vijiko vitatu vikubwa vya ufuta huo, tia maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja. Mwanzoni utakaza kama udongo wa mfinyanzi. Hapo nilishtuka nikaongeza mafuta, ukakatika kabisa. Ongeza maji tu! Kwenye kijiko cha nne au cha tano unalegea wenyewe, unakuwa mweupe kidogo na laini kama uji mzito. Sasa tia sosi ya soya vijiko viwili, siki kijiko kimoja, sukari kijiko cha chai, na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa. Ukikosa siki nyeusi ya Kichina, hii yetu nyeupe tia nusu, ni kali.

Huna ufuta? Siagi ya karanga isiyo na sukari inafaa, na hata migahawa ya Kichina Marekani huitumia. Wanangu, nikisema kweli, wanaipenda zaidi.

Tango likate vijiti vyembamba, uliweke mwisho kabisa maana likikutana na soya linatoa maji. Pilipili ya mafuta kila mtu ajimiminie. Changanyeni mezani, kwa sababu tambi zikikaa zinanyonya rojo lote. Rojo likibaki, lifunike uweke kwenye friji. Kesho yake mimi nachovya mhogo wa kuchemsha.