Faida au hasara? Tafuteni mstari mnaopishana

SWALI: Mimi na wifi yangu tuna duka la vitenge. Mtaji niliweka mimi, yeye ndiye anayeshinda dukani. Kila mwisho wa mwezi mimi naona faida, yeye anasema hasara, na daftari ni lile lile! Mwezi uliopita tuliuza 2,400,000. Vitenge vilivyouzwa tulivinunua kwa 1,800,000. Kodi ya fremu 200,000, umeme 30,000, usafiri wa mzigo 70,000. Nani kakosea?
Mama Z., Morogoro

JIBU: Kwa namba hizi, Mama Z., zinabaki 300,000. Ila usikimbilie kumwonyesha wifi jibu hili. Kwa nusu saa pigeni marufuku maneno "faida" na "hasara". Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike kilichoingia, kisha kila anachotoa, mstari kwa mstari, mpaka afike kwenye namba yake. Wekeni karatasi sambamba. Mstari wa kwanza usiofanana ndio mnaougombania.

Huenda ni mzigo: mmoja anatoa fedha zote za manunuzi ya mwezi, hata za vitenge ambavyo bado viko kwenye rafu. Huo unamalizwa kwa kuhesabu rafu, basi.

Sisi tunashuku posho. Wifi akijihesabia 350,000 za kushinda dukani, 300,000 zako zinageuka pungufu ya 50,000. Hapo hakuna aliyekosea kujumlisha, na hata mkirudia hesabu mara kumi hamtaelewana, kwa sababu mnachobishania ni kama kazi yake ilipwe au ni mchango wake kama mwenye duka.

Mpime kwa swali moja: "Wifi, ukisafiri mwezi mzima tukaweka binti wa kuuza, tutamlipa?" Mkikubali wote, kazi ile ina bei, na kilichobaki ni kiasi tu. Ukiona binti alipwe lakini wifi asilipwe, taja sababu yako waziwazi, kwa mfano kwamba mlipatana achukue nusu ya faida badala ya mshahara. Naye airudie sababu hiyo kwa maneno yake mpaka useme "hapo umenielewa", kisha mbadilishane. Wengi huruka hatua hii, wakajikuta wanajibu hoja ambayo mwenzao hakuitoa.

Mumeo msimwite kwanza. Mtamkalisha kati ya mke na dada.

Mkipatana posho, andikeni kwenye daftari kiasi na mwezi inapoanzia. Msipoandika mwezi, ubishi unaofuata utakuwa wa malimbikizo.