Kipanya cha kupapasa kwa kidole badala ya gurudumu: yaliyonikuta miezi minane hapa Malaba

Salaam wakuu. Ndugu yetu wa Arua ameuliza mambo mawili. Gurudumu la kipanya chake limeingiwa na wazimu, akishusha ukurasa unapanda. Halafu ameona dukani kipanya kisicho na gurudumu kabisa: kati ya vitufe viwili kuna kidirisha cheusi, ukikipapasa kwa kidole ukurasa unasogea. Anunue au asinunue? Waliotangulia wamemjibu "nunua" na "achana nacho" bila kumpa sababu. Mimi nimekitumia cha aina hiyo miezi minane, kwa hiyo naomba nafasi, na mnivumilie maana nitarefusha.

Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Malaba, upande wetu wa Uganda. Ofisi ni kontena, mlango unatazama foleni ya malori, na vumbi la hapa wanalijua wenyewe waliolala kwenye foleni hiyo. Kutwa nzima nashusha na kupandisha kurasa: ankara, orodha za mizigo, na lile faili la PDF la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ambalo halina mwisho. Mfumo wa HS, ule wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, una sura 97, na mteja hakuletei mzigo wa sura moja. Leo ni betri za sola, kesho vitenge, keshokutwa trekta lililofunguliwa vipande vipande. (Kwa wanaopenda kujua, kipanya chenyewe kimo kwenye namba 8471.60.) Kidole changu cha shahada kimetembea safari ndefu kuliko baadhi ya madereva ninaowahudumia.

Tuanze na gurudumu lako, ndugu wa Arua, kabla hujatoa pesa mfukoni. Ekseli ya gurudumu inaingia kwenye kijisanduku chenye miguu mitatu kinachoitwa enkoda. Ndani yake kuna vijisahani vya chuma vinavyogusana na kuachana kadiri unavyozungusha. Njia za umeme ni mbili, na moja imepangwa ichelewe kidogo nyuma ya mwenzake. Chipu inatazama ipi imetangulia: ya kwanza ikitangulia unashuka, ya pili ikitangulia unapanda. Vumbi na kutu vikiingia, mguso unakatika na kurudi ovyo, chipu inachanganyikiwa ni nani katangulia, na ndiyo hapo unashusha ukurasa unakurukia juu. Kompyuta haina virusi, na wala si Windows. Ni uchafu.

Fungua skrubu, mara nyingi imefichwa chini ya kile kibandiko au ile miguu laini ya kutelezea. Inua gurudumu taratibu, dondoshea tone moja au mawili ya isopropili kwenye enkoda, zungusha mara ishirini hivi, acha ikauke kabisa. Ile spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi, usiikimbilie. Kuna vipanya vingine ambavyo gurudumu lake lina matundu na taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayopenya katikati. Hivyo ugonjwa wao huwa ni unywele au vumbi lililoziba mwanga, na brashi kavu inatosha. Changu cha zamani nilikisafisha hivi mara nne kabla hakijanichosha.

Sasa hicho cha kidirisha. Kukielewa hakuhitaji darasa. Chukua kipanya chochote chenye taa nyekundu tumboni, kigeuze chali, upande wa mbele ukielekea mbali nawe, halafu pitisha kidole polepole juu ya lile tundu. Mshale unatembea kwenye skrini. Ukisukuma kidole mbele, mshale unashuka, kwa sababu kipanya kinadhani wewe ndiye meza na meza imekimbilia mbele. Nilimwonyesha hivyo dada tunayekaa naye ofisini, akacheka, kisha akaacha kuandika ankara dakika kumi nzima akichezesha mshale kwa kidole gumba.

Siri yenyewe ni kwamba mle ndani mna kamera ndogo sana. Taa inamulika, lenzi inachukua picha ya kilicho mbele yake, na chipu inalinganisha picha hii na iliyotangulia ili ijue alama zimehama kiasi gani na kuelekea wapi. Microsoft walipotoa IntelliMouse Explorer mwaka 1999, kipanya kisicho na mpira wa chini, jicho lake lilipiga picha 1,500 kwa sekunde. Waliowahi kukaa kwenye intaneti kafe za zamani wanakumbuka ule mpira na ile mikanda ya uchafu tuliyoikwangua kwa kucha kwenye roli zake. Jicho liliumaliza ugonjwa ule. Kwenye meza jicho linasoma nyuzi za mbao au za kitambaa, kwenye kidole linasoma matuta ya ngozi, yale yale ya alama za vidole, yaliyoachana takribani nusu milimita. Kidirisha kinaonekana cheusi kwa sababu kinazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi, ambayo jicho lako halioni.

Wala si jambo geni kwetu. Wale waliokuwa na simu za BlackBerry enzi za BBM, ile programu yake ya kutumiana ujumbe, walilishika jicho hilo kila siku. Simu zilizotangulia zilikuwa na kile kijimpira cha katikati, kikanata uchafu, mafundi wakala pesa. Mwaka 2009 BlackBerry Curve 8520 ikaja na kidirisha laini mahali pa mpira. Ni jicho la kipanya lilelile, limelazwa chali. Kwa hiyo mtu aliyebuni kipanya cha namna hii hakugundua kitu kipya, amehamisha tu ugonjwa wa mpira na dawa yake kwenda kwenye gurudumu.

Mimi changu nilikinunua Kampala, duka silitaji, kwa elfu sabini, wakati cha waya cha gurudumu kilikuwa elfu kumi na tano. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Faili la ushuru linateleza kama maji, hakuna kelele, hakuna kijino kinachokwama, na vumbi halina pa kuingilia maana hakuna kinachozunguka. Ukilifuta kwa upindo wa shati limekwisha.

Wiki ya pili ikaja hesabu.

Tuna fomu yetu ya ofisini, ya kwenye kivinjari, ya kuandalia ankara kabla hatujaingiza tamko kwenye mfumo wa forodha. Kuna sehemu ya kuchagua sarafu, imepangwa kwa herufi. Nimechagua USD, nimeandika thamani ya mzigo wa vipuri, 18,400. Nikapumzisha kidole pale pale nilipozoea kukipumzisha miaka yote, juu ya gurudumu. Tatizo gurudumu halipo, lipo jicho, na jicho halijui kupumzika. Kidole kilisogea kidogo tu, orodha ikapanda hatua moja, na inayotangulia USD ni UGX. Lori zima la vipuri likawa na thamani ya shilingi 18,400, yaani rolex (chapati zetu za kukunja na mayai) sita na soda. Nashukuru nililiona kodi ilipotokea kama senti za kununulia pipi. Ingepita, ningekuwa naandika maelezo hadi leo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya vile vijino vya gurudumu. Sikuwahi kuvithamini. Kila "tik" ni uzio: kidole hakivuki bila kukusudia, na ukivuka unasikia. Unaweza kushuka mistari sita huku macho yako yako kwenye karatasi ya mteja, kwa kuhesabu tik mbili tu, maana Windows kwa kawaida inasogeza mistari 3 kwa kila jino. Kwenye kidirisha huhesabu chochote, lazima utazame. Na kuna jambo la ndani zaidi: Windows inahesabu jino moja kuwa 120. Jicho la kidole linaweza kutuma vipande vidogo vya hiyo 120 na ukurasa ukateleza vizuri, lakini programu za zamani hazijui vipande, zinangoja 120 itimie ndipo ziruke. Kwa hiyo kipanya hicho hicho kitakuwa hariri kwenye kivinjari na chura kwenye programu nyingine. Usimlaumu muuzaji kwa hilo.

Halafu rolex yenyewe. Sisi tunakula mezani, sina haja ya kuficha. Kidole chenye mafuta ya chapati kikipita kwenye kidirisha, kinaacha ukungu, na jicho linaona ukungu badala ya matuta. Ukurasa unasogea nusu, unasita, unasogea tena. Kidole kilichotoka kunawa nacho hivyo hivyo, maji yanajaza mabonde ya ngozi na picha inakuwa bapa. Mzee mmoja wa malori, mikono yake imekula turubai na kamba miaka thelathini, alijaribu kusoma hati yake mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Jicho halikumwona kabisa. Alipapasa mara tano, akaniangalia, akasema, "Kijana, chombo chako kinabagua." Vidole vya namna hiyo matuta yake yamesagika, na kwa gurudumu asingepata shida yoyote.

La jua sikulitarajia. Mlango wetu unatazama magharibi, na saa kumi jioni jua la upande wa Tororo linaingia hadi mezani. Jua lina infraredi nyingi kuliko taa yoyote ndogo ya kipanya. Likipiga kidirisha moja kwa moja, jicho linapofuka: ukurasa unaganda, au unatambaa wenyewe polepole kama una jini. Nikawa naweka faili la karatasi pembeni kama pazia. Dada wa ofisini akaliita "kofia ya panya", na jina limebaki.

Betri nitaipitia haraka. Changu hakina waya, na taa ya pili inakula. Cha gurudumu kilikuwa kinanipeleka karibu mwaka kwa betri moja ya AA. Hiki nabadilisha kila baada ya miezi miwili na nusu hivi.

Mjumbe mmoja hapo juu amesema hivi vyote ni "tachi" tu, kama Magic Mouse ya Apple. Hapana mkuu, hiyo ya 2009 inahisi chaji ya umeme ya kidole, kama skrini ya simu. Ukitaka kujua unachouziwa ni kipi, kunja kipande cha gazeti na ukipitishe juu ya kidirisha. Ukurasa ukisogea, ni jicho, kwa sababu lenyewe linasoma herufi na nyuzi za karatasi bila kujali ni ngozi au si ngozi. Usiposogea, ni ya chaji. Njia nyingine ni kufungua kamera ya mbele ya simu yako na kuielekeza kwenye kidirisha huku kipanya kimewashwa: mara nyingi utaona kijimwanga cha zambarau, kama unavyopima rimoti ya televisheni. Wenye duka hawapendi, lakini pesa ni zako.

Tena jaribu mwelekeo hapo hapo dukani. Gurudumu ukilivuta kuja kwako, ukurasa unashuka. Simu ukisukuma kidole juu, ndipo unashuka. Kwenye kidirisha mkono wako utafuata upi? Mimi wa zamani nilienda sawa na gurudumu, yule dada aliyekulia kwenye simu alikosea kila mara. Apple walipogeuza mwelekeo kwenye kompyuta zao mwaka 2011 watu walilalamika vivyo hivyo. Hakikisha kina swichi au programu ya kugeuza, cha kwangu hakina.

Kwa hiyo, ndugu wa Arua, jibu langu linategemea unafanya nini. Umesema unasahihisha tasnifu za wanafunzi, kurasa mia mia. Kwa kazi ya kusoma, kinakufaa, na mgongo wa kidole utakushukuru. Ila chagua ambacho kidirisha kimezama kidogo chini ya usawa wa vitufe, au kinachobonyea, ili kidole kikilala pembeni kisiamshe jicho. Na katika programu yake punguza wepesi hadi usogeze kidole kweli kweli ndipo ukurasa uende. Kama ungekuwa mhasibu au wakala kama mimi, ningekuambia ubaki na gurudumu bila kufikiri mara mbili.

Mimi sasa ninavyo viwili mezani: cha kidirisha kiko kushoto kwa ajili ya faili la ushuru, cha gurudumu kulia kwa ajili ya fomu. Wateja wananishangaa, na dada ameanza kuniomba cha kushoto.

Lakini safisha kwanza hilo gurudumu lako. Na ukilinyanyua, shika kijispringi kilicho chini yake kwa kidole kabla hakijaruka. Cha kwangu kiliingia chini ya kontena na sijakiona tena.