Kabla ya Kununua Mfumo, Kaa Stoo Wiki Mbili

Jumatatu ya kwanza ya mfumo mpya wa kompyuta wa stoo na mauzo, saa nne asubuhi, Fuso tatu zilikuwa zimepanga foleni nje ya stoo yetu na hakuna hata moja iliyokuwa inapakia. Kompyuta ilisema nondo za milimita 12 zimebaki hasi 412. Nondo zenyewe zilikuwa pale, tunaziona kwa macho. Vijana wa mauzo wakawaambia wateja maneno ambayo kila Mtanzania amewahi kuambiwa dirishani: "Mfumo umekataa." Mzee wa stoo hakusema kitu. Alifungua droo, akatoa kaunta buku lake, na kabla ya adhuhuri magari yote matatu yalikuwa yameondoka na mzigo. Siku hiyo mfumo ulikufa, ingawa tuliendelea kuulipia miezi minane.

Mimi ndiye mhasibu niliyesimamia zoezi lile, katika kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza yenye tawi Geita. Mara ya pili tulifanikiwa. Na programu ilikuwa ile ile.

Hizo hasi 412 zilitoka wapi? Nondo tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja ni vipande 93 au 94. Aliyepokea mzigo aliandika 5, yaani tani tano. Mauzo yakatoa vipande 417. Kompyuta haikukosea: 5 kutoa 417 ni hasi 412. Sisi ndio hatukukaa chini kuielekeza kipimo cha kununulia ni kipi, cha kuuzia ni kipi, na kimoja kinageuzwaje kuwa kingine. Misumari nayo ilikuwa hivyo hivyo, na waya wa kufungia pia. Usiniulize majina! Bati la msauzi geji 30 lilikuwa kwenye orodha mara nne, kwa tahajia nne, kila moja na salio lake.

Kwa hiyo mara ya pili, kabla hata ya kumpigia simu muuzaji, nilichukua kigoda nikaenda stoo.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba mwanangu. Leo ndiyo umekuja?"

Nilistahili. Mara ya kwanza tulimwita siku ya mafunzo tu, tukamkalisha kiti cha nyuma, vijana kutoka Dar wakamwonesha pa kubonyeza. Katika wiki mbili alinieleza mambo ambayo hayakuwemo kwenye mkataba wetu kabisa. Kuna bati zilizopinda zinazowekwa kando na kuuzwa kwa bei ya chini. Kuna saruji tunayomwazima jirani leo, anairudisha Ijumaa. Na kuna mzigo wa amana: mteja amelipa, lakini anauacha stoo hadi fundi wake awe tayari. Huo wa mwisho ndio uliokuwa unavuruga hesabu zangu miaka yote, nami nilikuwa nashuku wizi.

Tuliketi na mzee tukasafisha orodha jina kwa jina, ikapungua karibu nusu. Kazi ya kuchosha, na hakuna muuzaji atakayekufanyia. Hata ukichukua programu kama Odoo ya bure au ERPNext, leseni hutalipia, lakini jasho hili liko pale pale.

Halafu kuna swali la nani amfuate mwenzake, mfumo au desturi za ofisi. Lidl, wenye maduka Ujerumani, waliachana na mradi wao wa mfumo wa SAP mwaka 2018, baada ya miaka saba na gharama iliyotajwa kuwa karibu yuro milioni 500. Sababu mojawapo iliyoripotiwa: walizoea kuthamini mzigo kwa bei ya kununulia, mfumo ulipangwa kwa bei ya kuuzia, nao hawakutaka kuacha mazoea. Mimi naacha desturi zote isipokuwa ile inayomleta mteja. Amana tuliitengenezea sehemu yake, maana watu wa Ukerewe wanakuja kwetu kwa ajili hiyo. Fomu ya nakala tatu ya kuombea likizo tuliitupa.

Kingine, muuzaji akuoneshe mauzo yanavyotoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mbele ya macho yako. Keshia wetu alikuwa anaingiza kila kitu mara mbili, kwenye mfumo na kwenye mashine, na tarehe 20 ya ritani ya VAT ikifika namba hazilingani.

Ila kilichonitoa jasho kuliko stoo ni simu ya bosi. "Mpe huyo mzigo, tutaandika baadaye." Huwezi kumfokea keshia anayeruka hatua kama mwenye kampuni anaziruka kila siku. Sikubishana naye. Jioni moja nilimpelekea madeni ya mali kauli yaliyoandikwa, nikamwomba anitajie yaliyomo kichwani mwake. Alipofika la sita akanyamaza. Siku hizi mali kauli anaidhinisha mwenyewe ndani ya mfumo, kwa simu yake. Wafanyakazi walipomwona rafiki yake wa miaka mingi akisubiri idhini kama wateja wengine, ubishi ukaisha.

Tulihesabu stoo Jumamosi jioni hadi Jumapili usiku, mwezi wa Machi, mvua zimeanza na mauzo yamepoa. Tulianza Mwanza peke yake. Geita wakafuata miezi miwili baadaye. Daftari na mfumo vilikwenda pamoja mwezi mmoja tu, na tarehe ya kufunga daftari ilibandikwa ukutani tangu siku ya kwanza.

Mzee bado ana kaunta buku lake. Anaandika namba za magari, saa yalipoingia na saa yalipotoka. Nimeomba sehemu hiyo iongezwe kwenye mfumo. Bado hawajaiweka.